Kufuatana Si Kusababisha: Uhakiki wa Lugha ya Hitilafu katika Python

Ripoti ya hitilafu ni matini fupi ambayo programu huitoa inaposhindwa kuendelea. Makala hii inahakiki ripoti za lugha ya Python kwa hoja moja: kuibua upya hitilafu kwa usafi ni suala la maana kabla ya kuwa suala la ufundi.

Katika Python 2, hitilafu mpya iliyoibuliwa wakati nyingine ikishughulikiwa iliifuta ile ya kwanza katika ripoti. Pendekezo namba 3134 la Ka-Ping Yee, la mwaka 2005, lilitekelezwa katika Python 3.0 mwaka 2008, likatenganisha mahusiano mawili. Tuchukue programu ya ada inayojaribu kugeuza maandishi “elfu mbili” kuwa namba kwa amri ya int. Hapo huibuka ValueError. Mwandishi wa programu akiidaka, kisha akaibua hitilafu yake, “Kiasi cha ada si sahihi”, kwa kutumia raise pamoja na from, ripoti hutamka kwamba ya kwanza ndiyo chanzo cha ya pili. Lakini akikosea jina la kigeu katika sehemu hiyo ya kushughulikia, NameError huzuka, nayo ripoti husema tu kwamba imetokea wakati ya kwanza ikishughulikiwa.

Mtego wa mfasiri uko hapo. Kauli zote mbili zinaweza kusimuliwa kwa -ka-: “Hitilafu nyingine ikatokea.” Kiambishi hiki huonyesha mfuatano, na msomaji huongeza usababishi mwenyewe, kama katika “aliteleza akavunjika mguu”. Katika ngano hiyo ni sifa. Katika ripoti ni dosari, kwani fundi atachunguza ada ilhali NameError imetokana na jina la kigeu. Inafaa kutofautisha “ilitokea wakati iliyo juu ikishughulikiwa” na “iliyo juu ndiyo iliyosababisha inayofuata”. Kiambishi -ki- na kirejeshi ndiyo vinabeba tofauti ambayo -ka- inaifuta.

Istilahi nayo idai usahihi huo. Amri ya raise peke yake haizui jambo jipya. Huipitisha hitilafu ile ile pamoja na kumbukumbu ya njia iliyopita. Kuiita “kuibua hitilafu nyingine” ni kupotosha. Kwa upande mwingine, from None, iliyoingia katika Python 3.3 mwaka 2012, huzuia hitilafu ya awali isionyeshwe. Ukimya huo unafaa pale undani unapomchanganya mtumiaji bila kumsaidia; pale unapoficha chanzo anachohitaji mrekebishaji, ni udanganyifu.

Kwa hiyo, anayesanifu istilahi za kompyuta kwa Kiswahili hatoshelezwi na orodha ya nomino. Sarufi ya vitenzi ndiyo itakayoamua kama fundi atakayeisoma ripoti hiyo ataelekezwa kwenye kosa au atapotezwa.