Mwonevu Akisharipotiwa Anapelekwa Wapi?

Desemba iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, Sumbawanga. Mvua ilianza saa sita mchana, na mpwa wangu wa miaka tisa akachoka kukaa ndani. Nikawasha kompyuta yangu, nikaiunganisha na bando la simu, nikamfungulia gemu. Niliichagua kwa makusudi. Inaitwa Interland, ilitolewa na Google mwaka 2017, inachezwa bure, na lengo lake ni kuwafundisha watoto kuishi vizuri mtandaoni. Ina nchi nne. Ipo ya kulinda siri zako, ipo ya kutambua ulaghai, ipo ya kufikiri kabla ya kusambaza jambo. Sisi tuliingia ile inayoitwa Kind Kingdom, tuseme Ufalme wa Wema.

Mchezaji anaongoza kiumbe mdogo katika nchi iliyovamiwa na waonevu. Wenzake wamenyong'onyea. Akiwafikia anawagawia wema, nao wanachangamka. Akikutana na mwonevu, anamzuia na kumripoti. Katikati yanajitokeza maswali ya kuchagua jibu: ukiona mwenzako anaonewa, utafanya nini? Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani na yeye dereva. Alipomaliza, akageuka kuniangalia.

“Mjomba, huyu tukishamripoti anapelekwa wapi?”

Nikamjibu kwamba ni gemu tu. Hakuridhika. Na mimi, kwa sababu zangu, sikuridhika zaidi yake.

Kabla ya kuilalamikia gemu hii, niitendee haki. Kuna mambo mawili inayafanya vizuri. Kwanza, inaonyesha kwamba wema ni kazi. Ufalme haubadiliki mpaka mchezaji ainuke, amfuate aliyenyamaza pembeni, ampe kitu. Watoto wengi tuliambiwa “uwe mtoto mwema” kwa maana ya kutulia na kutosumbua wakubwa. Hapa wema una miguu. Pili, inamwambia mtoto wazi kwamba kumwambia mtu mzima anayemwamini si umbeya. Kwa mtoto aliyelelewa akiambiwa kwamba anayesemelea wenzake ni mbaya kuliko aliyekosa, hilo si somo dogo.

Lakini katika Ufalme wa Wema mwonevu anatambulika kwa macho. Ni kiumbe wa aina yake, hafanani na wewe. Ukimwona tu unajua. Hapo ndipo gemu ilipoachana na maisha ninayoyafahamu mimi.

Jina la mji wetu, kama linavyosimuliwa, ni amri: sumba wanga, tupa uchawi. Anayeingia aache mambo hayo nje. Tanzania nzima imeligeuza jina hilo kichwa chini. Ukitaja kwamba unatoka Sumbawanga, kuanzia kwenye basi hadi kwenye usaili wa kazi, mtu atajisogeza pembeni kidogo huku anacheka na kuomba asipigwe radi. Kila aliyetoka Rukwa kwenda kusoma mkoa mwingine anaujua mzaha huo kwa moyo. Mimi niliukuta kidato cha kwanza, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Wiki ya kwanza nilikuwa na jina langu. Wiki ya pili nilikuwa Radi.

Aliyeniita hivyo mara ya kwanza hakuwa jitu. Alikuwa jirani yangu wa kitanda, mchangamfu, aliyenigawia sukari siku nilipofika. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka watu wacheke, wakacheka. Baada ya hapo halikuwa jina lake tena, lilikuwa la bweni zima. Mwanafunzi akiugua tumbo, ameniangalia vibaya jana. Taa zikizimika, Radi yuko kazini. Nilimweleza mtu mzima, kama gemu inavyoelekeza. Akacheka naye, akaniambia nisiwe mtoto wa kudeka, huo ni utani tu.

Na neno lenyewe si jepesi. Katika nchi hii watu wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengi wao wanawake wazee. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 enzi za Waingereza na ambayo bado ipo, inahesabu kuwa ni kosa kumtaja mtu kuwa mchawi. Ufipa kwenyewe, mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika katika miaka ya 1960 kuhusu Kamcape, harakati za watu waliopita vijijini wakiwasafisha waliodhaniwa kuwa na uchawi. Bwenini kwetu hakuna aliyeyafikiria hayo yote. Kicheko kilitosha.

Sehemu inayofuata ndiyo inayonifanya niiangalie gemu hii kwa jicho baya. Muhula wa pili niligundua kwamba jina Radi lina faida. Kulikuwa na mvulana mdogo kwa umbo, anayeamka usiku kwa ndoto mbaya, na huyo alikuwa akiamini kweli. Nikamwambia asiponichotea maji ya kuoga ataona. Akanichotea. Kila alfajiri, muhula mzima, alibeba ndoo mbili kutoka bombani, ya kwake na ya kwangu, na mimi nilikuwa nikimsikia akihema ngazini. Sikuwahi kumgusa. Sikuwa na haja.

Sasa mnichore. Katika Ufalme wa Wema mimi ni kiumbe gani, yule aliyenyong'onyea au yule wa kuripotiwa? Mchezaji angenipa wema au angenizuia? Asubuhi nilikuwa wa pili na jioni nilikuwa wa kwanza, na sare yangu haikubadilika. Gemu haina nafasi ya mtoto kama huyo, ilhali mabweni yamejaa watoto kama huyo. Mtoto anayecheza anapewa kiti kimoja tu, cha mwokozi. Anatoka akiwa na hakika kwamba mwonevu ni mtu mwingine.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Miaka ya 2000 watafiti wa vyuo vikuu vya Ulaya walitengeneza programu ya kompyuta iliyoitwa FearNot!, ikajaribiwa katika shule za msingi za Uingereza na Ujerumani. Humo mtoto hamwongozi shujaa. Anatazama mwanafunzi wa kuchorwa akionewa, kisha anakuwa rafiki wa siri anayemshauri. Mwanafunzi huyo anaweza kulikataa shauri, au akalifuata na mambo yakawa mabaya zaidi. Anarudi na kusema haikufaa, tujaribu lingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba baadhi ya watoto waliokuwa wakionewa walijinasua, lakini nafuu hiyo ilikuwa ya muda mfupi. Sioni aibu katika hilo. Angalau programu hiyo haikumdanganya mtoto kwamba jibu sahihi lina hakika ya kushinda.

Finland walikwenda mbali zaidi. Mpango wao wa KiVa, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Turku na kuenezwa katika shule za nchi nzima kuanzia mwaka 2009, nao una gemu ya kompyuta, lakini gemu ni sehemu tu ya masomo yanayofanyika darasani na mwalimu. Umejengwa juu ya utafiti wa Christina Salmivalli, ambaye tangu miaka ya 1990 ameonyesha kwamba uonevu si shughuli ya watu wawili. Kuna wanaomsaidia mwonevu, wanaocheka, wanaotazama kimya, na wachache wanaomtetea anayeonewa. Wanaocheka ndio mishahara ya mwonevu. Upimaji wa Finland ulionyesha uonevu ukipungua. Nikisoma hayo namkumbuka jirani yangu wa kitanda. Kama watano tu wasingecheka siku ile, huenda jina lisingefika wiki ya tatu.

Sidhani kwamba tunahitaji kuazima kila kitu Turku. Willis huyohuyo alirudi baadaye kwenye swali lililomsumbua kuhusu Ufipa, na mwaka 1989 akaliandikia sura katika kitabu kuhusu jamii za amani: imekuwaje Wafipa, ambao nao waliwahi kuwa na vita vyao, wakaja kuwa watu wapole kiasi kile? Siwezi kulijibu kwa niaba ya uwanda mzima, na Kamcape inanikataza kuuchora kama pepo. Lakini mtu aliyekulia huku anajua kwamba salamu zetu ni ndefu, na kwamba hupiti mbele ya mtu kama vile hayupo.

Tena Tanzania tunao utani wenyewe, ule wa makabila, wenye kanuni kuliko gemu yoyote. Mtani wako anakutukana, nawe unamtukana. Anakuchukulia kitu, nawe una haki ya kuchukua chake. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha msibani na kushika kazi. Utani una pande mbili na una deni. Mtu mzima aliyeniambia “huo ni utani tu” alikosea neno. Mimi sikuwa na jina la kuwarudishia, wala hakuna aliyekuwa na deni kwangu.

Gemu ambayo ningependa mpwa wangu acheze ingeanzia hapo. Ingemweka katikati ya wanaocheka na kumpa sekunde chache za kuamua. Ingempa zamu ya kubebwa ndoo. Ingekuwa ya Kiswahili, na uwezo upo: Ubongo Kids wamekuwa wakiwafundisha watoto wetu kwa katuni za Kiswahili tangu mwaka 2014. Na ingefanya kazi kwenye simu ya mama bila intaneti, maana lile bando langu liliisha kabla hatujaingia nchi ya pili.

Ilipokatika, tulibaki tunasikiliza mvua kwenye bati. Nikamuuliza kama darasani kwao kuna anayeonewa. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama kuna mwenye jina la utani. Akacheka, akanitajia. Ni la msichana mmoja mwenye kigugumizi, na sitaliandika.

“Lakini ni utani, mjomba. Mwenyewe anacheka.”

“Na yeye anawaitaje nyie?”

Alifikiri kwa muda, kidole kikizunguka kwenye vitufe vya kompyuta iliyozimika.

“Hatuiti,” akasema.