Mchuzi Ndio Huchagua Kinywaji: Mpango wa Karamu ya Kuonja Nakasero

Karamu ya kuonja ni mlo wa vipande vidogo na mafunda machache, ambamo kila chakula huletwa pamoja na kinywaji kilichochaguliwa kwa ajili yake. Mgeni huonja chakula peke yake, kisha kinywaji peke yake, kisha vyote viwili kwa pamoja. Hapo ndipo huona kama kimoja kimeinua kingine au kimekifunika. Mpango mzuri hauhitaji vitu vya gharama. Unahitaji sababu kwa kila jozi, mfuatano usiouchosha ulimi, na vipimo vinavyomfikisha mgeni mwisho akiwa bado anaonja.

Mpango unaochambuliwa hapa ni wa watu wanane katika nyumba ya Nakasero, Kampala. Mahali hapo pana faida yake. Chini ya kilima lipo soko la Nakasero, ambalo limekaa hapo tangu mwaka 1927, na humo hupatikana matunda, mboga, samaki, majani ya migomba na, msimu ukifika, senene. Madukani mjini kuna divai nyingi za Afrika Kusini, na bia hutengenezwa jirani kabisa, Luzira na Jinja. Mwenyeji hakosi vitu. Kazi yake ni kuvipanga.

Pa kuanzia

Wenyeji wengi huanza na chupa: hununua divai, kisha hutafuta chakula cha kuifuata. Kanuni wanayoijua ni ile ya divai nyeupe kwa samaki na nyekundu kwa nyama. Kanuni hiyo hufaa pale nyama inapochomwa na kuletwa mezani ikiwa karibu peke yake. Katika mapishi ya Uganda nyama mara nyingi hufika mezani ndani ya mchuzi, na mchuzi huo ndio unaojaza mdomo. Kuku aliyepikwa kwa karanga na kuku wa kuchoma ni vyakula viwili tofauti mbele ya kinywaji, hata kama wametoka banda moja. Kwa hiyo swali la kwanza la mpangaji ni hili: mchuzi huu una nini zaidi, mafuta, chumvi, uchachu, utamu, uchungu au moshi?

Jibu likipatikana, kanuni chache hutosha. Mafuta hufunika ulimi, na kinywaji chenye uchachu, gesi au ukakasi huusafisha. Ukakasi hutokana na tanini, ambazo hushikamana na protini za mate na kuukausha mdomo. Zikikutana na protini na mafuta ya chakula, makali yake hupungua. Chumvi hupunguza uchungu wa kinywaji. Pilipili hufanya pombe iwashe zaidi, na pombe huongeza mwasho wa pilipili. Ndiyo sababu kamulali, yaani pilipili kali, hukaa kibakulini pembeni, haiingii chunguni. Chakula kitamu huifanya divai kavu ionekane chachu, hivyo kinywaji kinachoandamana na kitu kitamu sharti kiwe na utamu wa kutosha au kisiwe na uchachu wa kuonekana.

Meza tano

Meza ya kwanza ni senene na bia ya lager iliyopoa sana. Senene huanguka kwa wingi mwezi wa Novemba, na kwa kiasi kidogo zaidi kati ya Aprili na Mei. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, pamoja na kitunguu na chumvi, mpaka wakauke. Gesi ya bia huondoa mafuta hayo na chumvi hulainisha uchungu mwepesi wa hopsi. Bell, bia iliyochukua jina la bandari ya Port Bell na kutengenezwa na Uganda Breweries, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946, inafaa hapa kwa sababu ni nyepesi. Nje ya msimu, mukene wa kukaanga, yaani dagaa wa Ziwa Viktoria, hushika nafasi ileile.

Meza ya pili ni ngege, sato wa ziwani, aliyepikwa kwa mvuke na kukamuliwa limau. Limau ndiyo mchuzi wake, hivyo kinywaji lazima kiwe na uchachu usiopungua ule wa limau. Chenin Blanc kavu ya Afrika Kusini ina uchachu huo. Divai nyekundu huepukwa katika meza hii kwa sababu ya kikemia: chuma kidogo kilichomo ndani yake hukutana na mafuta ya samaki na kuacha ladha ya bati mdomoni.

Meza ya tatu ndiyo kiini cha mpango: luwombo ya kuku kwa mchuzi wa karanga, pamoja na tonto, pombe ya ndizi. Mapokeo huihusisha luwombo na jiko la Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda, mwaka 1887. Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka lilegee, kuku na mchuzi hufungwa ndani yake, na kifurushi hupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na jani huongeza harufu ya kijani yenye moshi kidogo. Divai nyeupe nyepesi hupotea mbele ya mchuzi huo. Divai nyekundu yenye tanini nyingi huweza kuyamudu mafuta, lakini matunda yake hugombana na harufu ya jani.

Tonto, ambayo Wahaya wa Kagera huijua kama rubisi, hutatua tatizo hilo kutokana na namna inavyotengenezwa. Ndizi za mbidde huivishwa, kisha hukamuliwa pamoja na nyasi za lusenke. Nyasi hushika makapi na kuuachilia mubisi, yaani maji matamu ya ndizi. Mubisi huchanganywa na maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa uchache siku moja au zaidi katika chombo kirefu cha mti. Ndizi za mbidde zina tanini nyingi kuliko ndizi za kupika, na mtama huongeza nyingine. Tokeo ni kinywaji chenye uchachu, ukakasi, utamu kidogo uliobaki na harufu ya nafaka iliyokaangwa. Uchachu hukata mafuta, ukakasi hulainishwa na protini ya kuku na karanga, na harufu ya mtama hukutana na moshi wa jani. Mgomba umetoa jani la chakula na maji ya kinywaji. Watu wa Buganda wamekula na kunywa hivyo kwa vizazi vingi, na uchambuzi wa ladha unathibitisha kwamba walichagua vizuri.

Meza ya nne ni muchomo wa mbuzi, yaani nyama ya kuchoma. Hapa hakuna mchuzi, kwa hiyo moshi, chumvi na mafuta ya nyama ndivyo vinavyoamua. Pinotage, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, ina moshi kiasi na tanini za kutosha kwa nyama ya mbuzi. Anayetaka bia hupewa Eagle, ambayo Nile Breweries iliingiza sokoni mwaka 2002 ikitumia mtama wa Epuripur uliozalishwa Serere.

Meza ya tano ina sehemu mbili. Kwanza huja nanasi lililoiva pamoja na waragi. Uganda Waragi hukenekwa mara tatu kutokana na ulezi, haina uchachu, na utamu wa nanasi hutuliza ukali wake. Huwekwa katika meza ya mwisho kwa sababu kileo cha asilimia 40 hutia ganzi ulimi. Kikitangulia, vyakula vinne vinavyofuata havitaonjwa sawasawa. Kisha huja kahawa na chokoleti nyeusi, ikiwezekana ya kakao ya Bundibugyo. Vikombe viwili huwekwa pamoja: arabika ya Bugisu, kutoka miteremko ya Mlima Elgon, na robusta ya Buganda. Robusta ni mmea wa asili wa Uganda, na kafeini yake hukaribia mara mbili ya ile ya arabika. Arabika huleta uchachu wa matunda juu ya chokoleti, ilhali robusta huongeza uzito na uchungu wake. Katika Buganda ya zamani mgeni alikaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna, na punje hizo zilitumiwa pia katika kiapo cha undugu wa damu. Kahawa inastahili kufunga karamu ya Kampala.

Malwa haimo katika orodha hii kwa sababu ya mwendo wake. Pombe hiyo ya ulezi, ambayo Wateso huiita ajon, hunywewa ikiwa ya moto kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na maji ya moto huongezwa kila mara. Ladha yake hubadilika kwa saa nyingi na haikubali kugawanywa kwa vipimo vya meza. Inafaa jioni ya peke yake.

Wasiokunywa pombe

Karibu kila kundi la wageni Kampala lina Mwislamu, mlokole, mjamzito au dereva. Kuwapa soda wakati wengine wanaonja ni kuwatoa nje ya karamu. Mpango kamili una mstari wa pili ulio na sababu zilezile. Senene hupata maji yenye gesi na ndimu. Ngege hupata maji ya matunda ya pasheni yasiyotiwa sukari, yenye uchachu mkali. Luwombo hupata bushera iliyochachuka kidogo, kinywaji cha mtama au ulezi cha Kigezi na Ankole kinachofanana na togwa. Lakini kadiri inavyokaa kileo huongezeka, kwa hiyo huandaliwa ikiwa changa. Mtu mwenye sharti la kuepuka kileo kabisa hupewa chai kavu ya tangawizi. Muchomo hupata chai nyeusi ya Fort Portal iliyopozwa, ambayo tanini zake hufanya kazi ya divai nyekundu. Nanasi na kahawa vinajitosheleza. Nyama yote hununuliwa halali, ili meza isigawanyike.

Vipimo, joto na muda

Chupa moja ya divai ya mililita 750 hutoa vipimo kumi vya mililita 75, hivyo moja kwa kila meza inawatosha wanane. Bia hupimwa mililita 100 kwa mtu, yaani chupa mbili za nusu lita. Tonto ni mililita 100, waragi ni 20. Kwa bia ya asilimia 4.2, divai za asilimia 13 na 14 na waragi ya asilimia 40, kila mgeni hupata takriban gramu 26 za kileo kabla ya kuhesabu tonto, ambayo nguvu yake hubadilika kila siku. Kiasi hicho hakizidishwi. Maji huwekwa kila meza, na kipande cha matooke yaliyochemshwa bila chumvi hurudisha ulimi katika hali yake kabla ya meza inayofuata.

Bia hutolewa ikiwa na nyuzi 5 za Selsiasi, divai nyeupe 8 hadi 10, nyekundu 16 hadi 18. Mchana wa Kampala hufika nyuzi 27 au zaidi, kwa hiyo divai nyekundu iliyokaa sebuleni huhitaji nusu saa ya friji. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi; kahawa humwagiwa maji mara tu yanapotoka jikoni. Kipimo cha waonjaji wa kahawa ni gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji.

Divai hununuliwa mapema. Tonto hununuliwa asubuhi ya siku yenyewe kwa muuzaji anayejulikana, kwa sababu huendelea kuchacha. Kifuniko cha jerikani hulegezwa ili gesi itoke, nayo huchujwa kabla ya kumiminwa. Luwombo huanza kupikwa saa nne kabla ya wageni. Samaki na senene ni kazi ya dakika za mwisho. Kila meza hupewa dakika 25, na shughuli nzima huchukua zaidi kidogo ya saa mbili.

Waragi hununuliwa ya kiwandani tu, yenye muhuri. Aprili 2010 watu wengi walikufa wilayani Kabale kwa waragi ya kienyeji iliyokuwa na methanoli, sumu isiyotambulika kwa harufu wala kwa ladha. Usafiri wa kurudi hupangwa siku wageni wanapoalikwa: dereva hufuata mstari wa pili tangu meza ya kwanza, na wengine huitiwa gari kabla waragi haijamiminwa.