Rangi mbili kwa kilio cha Mama

Pengine watu husema: anayenakili sanamu ya mwingine hana kazi yake mwenyewe, na mwenye rangi chache ni maskini. Basi, wasomaji wapenzi, tutazame sanamu moja, tupime maneno hayo.

Mwaka 1889 Vincent van Gogh, mchoraji Mholanzi, alikuwa akitunzwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa. Alikuwa na karatasi moja ya chapa, nyeusi na nyeupe tu: Bikira Maria na Mwanawe aliyeshushwa msalabani. Delacroix ndiye aliyeichora sanamu hiyo zamani, na Nanteuil akaitia katika chapa. Siku za ugonjwa karatasi ile ilianguka katika mafuta na rangi, ikaharibika. Van Gogh alisikitika sana. Mwezi wa Septemba akaichora upya.

Umbo alilifuata. Lakini rangi, nani angemwonyesha? Alizitafuta mwenyewe, kama mpiga kinanda anayeupiga wimbo wa mwingine: sauti ni za mtunzi, moyo ni wa mpigaji. Akashika hasa mbili, buluu na manjano. Buluu ni nguo ya Mama na mbingu. Manjano ni mwanga unaogusa mwili na sanda. Ngozi ya Yezu imeelekea rangi ya majani mabichi. Wekundu ni kidogo tu, katika nywele na ndevu zake.

Wengine hawaipendi. Wasema mwili huo unatisha, na mikono ya Maria ni mikubwa mno. Mimi naona nguvu yake iko papo hapo. Kifo hakina uzuri. Na mikono ile ni ya mwanamke aliyezoea kazi. Imenyoshwa wazi, haina kitu tena cha kushika. Kama mchoraji angalitia dhahabu na zambarau, macho yetu yangalitembea huku na huku, yakaisahau.

Kasoro ipo: brashi imekazana sawasawa penye mawe, penye nguo na penye mwili, hata jicho linakosa mahali pa kutulia. Lakini uchungu wa Mama haukuzimika.

Sanamu hiyo iko Amsterdam. Nyingine ndogo, aliyoichora vilevile, imehifadhiwa katika makumbusho ya Vatikano. Nanyi vijana mnaochora katika parokia, msingoje makopo kumi. Chagueni rangi mbili, ila kwanza mjue kila moja itasema nini.