Umri wa injini haukai katika namba moja

Anayetaka kujua pikipiki ilitengenezwa mwaka gani huinama, hufuta tope ubavuni mwa injini, husoma namba iliyopigwa pale, kisha huutafuta mwaka ndani ya namba hiyo. Mara nyingi haumo. Umri wa injini hupatikana kwa kulinganisha alama tatu zilizowekwa nyakati tofauti: namba ya chesisi, namba ya injini, na alama ya tarehe iliyoachwa na kalibu siku alumini ilipomiminwa. Katika Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, jambo hili haliwahusu wapenzi wa vyombo vya zamani peke yao. Kwenye barabara za udongo ambako malori hukwama, pikipiki ndiyo hubeba wagonjwa, magunia ya maharage na wachimbaji wa migodi ya Rubaya na Bisie. Rubaya iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-kati Januari 2025, Walikale-kati Machi 2025, na watu wanaokimbia hawabebi kila karatasi. Karte roze, yaani hati ya umiliki, ikishapotea, chuma chenyewe ndicho kinachobaki kueleza pikipiki ni ipi.

Tuanze na chesisi, kwa kuwa ndiyo yenye utaratibu ulio wazi zaidi. Pikipiki za miaka ya karibuni hubeba namba ya alama 17. Tatu za kwanza humtaja mtengenezaji: MD2 ni Bajaj, MD6 ni TVS, wote wa India, namba inayoanza na L imetoka China, na inayoanza na J imetoka Japani. Alama ya kumi kwa desturi ni ya mwaka: A ni 2010, B ni 2011, na kuendelea hadi H ya 2017, J ya 2018, K ya 2019, L ya 2020. Herufi I, O na Q hazitumiki popote katika namba hii, maana hufanana na 1 na 0. Kwa hiyo chesisi ya alama 17 yenye O katikati imesomwa vibaya au imepigwa na mtu asiyejua kanuni. Hata hivyo mfumo huu una mipaka. Herufi za mwaka hurudia kila baada ya miaka 30, hivyo A ni 1980 pia. Na pikipiki ya zamani zaidi, kama Yamaha AG100 ambayo mashirika ya misaada yaliitumia sana Afrika, inaweza kuwa na namba fupi isiyo na herufi ya mwaka kabisa.

Namba ya injini ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu inaonekana kama fumbo lenye tarehe ndani yake. Honda huandika modeli, kisha herufi E inayoonyesha kwamba hii ni injini, kisha namba ya mfululizo. Yamaha hutanguliza msimbo wa modeli, kisha mfululizo. Namba ya mfululizo husema injini hii ilifuata ile, lakini haitaji mwaka. Mwaka hujulikana tu kwa anayeshika daftari la vipuri linaloonyesha mfululizo ulianzia wapi kila mwaka. Injini za China hupotosha zaidi. Maandishi 162FMJ husomwa na baadhi ya wanunuzi kama tarehe au toleo, kumbe ni maelezo ya umbo: 1 ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na J ni daraja la ujazo, kwa kawaida sisi (cc) 150. Vivyo hivyo 156FMI ni silinda ya milimita 56 katika daraja la sisi 125. Kiwanda kinaweza kupiga maandishi hayohayo kwa miaka mingi bila kubadili herufi hata moja.

Hata pale ambapo mtengenezaji ameweka tarehe waziwazi, inahitaji kufasiriwa. Mfano ulio bora ni wa Triumph ya Uingereza, ambayo kuanzia msimu wa 1969 iliweka herufi mbili mbele ya namba: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka wa modeli. J ni Agosti na C ni 1969. Msomaji wa haraka atasema JC ni Agosti 1969. Amekosea mwaka mzima, kwa sababu msimu wa modeli ulianza majira ya kiangazi ya mwaka uliotangulia, na injini hiyo ilitengenezwa Agosti 1968. Funzo lake linatufikia hadi leo: mwaka wa modeli na mwaka wa kutengenezwa ni vitu viwili, na herufi ya chesisi peke yake haisemi daima ni upi kati ya hivyo.

Ndiyo maana alama ya tatu, inayodharauliwa kuliko zote, ina thamani kubwa. Kwenye vipande vingi vya alumini vilivyotengenezwa kwa kalibu kuna duara dogo: katikati tarakimu mbili za mwaka, pembeni miezi 12, na mshale unaoelekea mwezi husika. Kwingine ni jedwali dogo la nukta zinazoongezwa mwezi baada ya mwezi. Alama hii haipigwi juu ya chuma kilichokwisha kupoa. Huzaliwa pamoja na kipande, na mara nyingi iko upande wa ndani au chini, ambako patasi ya mghushi haifiki kwa urahisi. Inaweza kukosea kwa mwezi au zaidi, kwa kuwa ni mtu kiwandani anayegeuza mshale na anaweza kuchelewa. Lakini inatoa mpaka usiovukika: injini haiwezi kuwa imeunganishwa kabla bloki yake, yaani kasha la alumini linalobeba namba ya injini, haijamiminwa.

Sasa tuziweke pamoja. Chukua pikipiki ambayo alama ya kumi ya chesisi ni D, yaani 2013, na duara la bloki linasoma 18 na mshale uko mwezi wa sita. Fremu ni ya 2013, bloki si ya kabla ya Juni 2018. Basi bloki hii ilibadilishwa, na namba ya injini iliyoandikwa kwenye hati ya kwanza haiwezi kuwa imepigwa na kiwanda juu ya chuma hiki. Geuza mfano: chesisi ni ya 2018, bloki ni ya 2013. Hapa swali ni zito zaidi, kwa sababu kiwanda hakiweki bloki miaka mitano ndipo kiunganishe. Ama injini kuukuu imefungwa kwenye fremu mpya, ama namba ya chesisi imeghushiwa. Tazama pia nusu mbili za bloki: kila moja humiminwa peke yake kisha huchongwa kwa jozi, hivyo tofauti ya wiki chache ni ya kawaida, lakini tofauti ya miaka inaonyesha kuwa nusu moja imetoka kwenye injini nyingine.

Fundi mzoefu atapinga kwamba tarehe haina maana. Injini husikilizwa, hupimwa mgandamizo, huangaliwa moshi. Ni kweli kwa anayeuliza kama injini ni nzima. Lakini anayeagiza pistoni au gasketi kutoka Goma anauliza jambo lingine: toleo lipi. Kipuri kisichoingia kimeshamgharimu nauli na siku za kazi. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: namba zinaweza kusagwa na kupigwa upya. Zinaweza, lakini kusaga hufuta mistari ya uchongaji wa kiwanda mahali namba ilipopigwa, na nyundo ya mkono huacha tarakimu zenye vina tofauti na zisizokaa mstari mmoja. Hapa inatupasa kuwa waadilifu, kwani bloki za badala huuzwa pia bila namba, na fundi mwaminifu huipiga kwa mkono. Tarakimu zilizopinda hazitoshi kumwita mwendesha pikipiki mwizi; zinatosha kumwomba maelezo, kisha kuyapima na alama nyingine mbili.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vya gharama. Mafuta ya taa na brashi laini huondoa tope. Chaki ikipakwa juu ya namba hafifu huifanya ionekane. Msasa na brashi ya waya viepukwe, maana nukta za mashine za kisasa hazina kina, na anayezikwangua huharibu ushahidi anaoutafuta. Kisha alama zote tatu ziandikwe pamoja katika hati ya mauziano, pamoja na picha ya duara la kalibu. Hati nyingi hunakili namba moja au mbili, na mgogoro ukizuka hakuna wa kusema kama injini iliyoko leo ndiyo iliyouzwa. Alama ya kalibu ikiongezwa, mnunuzi wa Nyabiondo huko Masisi au Mubi huko Walikale anapata kitu ambacho mghushi hawezi kukibadilisha kwa urahisi bila kubadilisha bloki nzima.