Kitabu cha Jemadari Grant

Vitabu vya watu wakuu walioandika maisha yao wenyewe ni vingi, na vingi katika hivyo vyachosha. Mwandishi hujisifu, au hulipiza kisasi kwa adui waliokwisha kufa wasioweza kumjibu, au hutuandikia orodha ndefu ya karamu alizoalikwa. Kwa hiyo si ajabu kama mwanafunzi akipewa kumbukumbu za Ulysses Grant, juzuu mbili nzito zilizochapishwa Marekani mwaka 1885 na 1886, atazipima uzito kwa mkono kisha azirudishe rafuni. Nataka kumzuia kidogo kabla hajafanya hivyo.

Grant alizaliwa Ohio mwaka 1822, mtoto wa mtengeneza ngozi. Alisoma katika chuo cha kijeshi cha West Point, akapigana katika vita vya Mexico, akaacha jeshi mwaka 1854, na kwa miaka kadhaa iliyofuata hakufanikiwa katika kazi yoyote aliyoishika. Alilima shamba karibu na St. Louis, akauza kuni mjini, na hatimaye akawa karani katika duka la ngozi la baba yake kule Galena, jimbo la Illinois. Mwaka 1861 majimbo ya Kusini yalipokwisha kujitenga ili kuulinda utumwa, vita vikazuka. Na kabla ya miaka minne kwisha, karani huyu alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Muungano. Tangu mwaka 1869 hadi mwaka 1877 alikuwa Rais. Haya yote yapatikana katika vitabu vya historia, na uso wake umechapwa katika noti ya dola 50. Yasiyopatikana kwingine ni sauti yake.

Sababu ya kuandika haikuwa tamaa ya sifa. Mwezi wa Mei 1884 kampuni ya fedha aliyokuwa mshirika ndani yake ilianguka, maana mshirika wake Ferdinand Ward alikuwa ameiendesha kwa udanganyifu. Grant akafilisika. Siku zile Rais aliyeondoka madarakani hakulipwa pensheni. Mwaka huo huo madaktari wakamwona na saratani ya koo. Hapo ndipo alipoamua kuandika, ili mkewe Julia asibaki maskini. Mwandishi Mark Twain, aliyekuwa na kampuni yake ya kuchapisha vitabu, alimpa masharti bora kuliko wengine. Basi mgonjwa akaandika kila alipopata nguvu. Akasimulia kwa mdomo sauti ilipokuwapo, na sauti ilipokwisha akarudia kalamu. Akamaliza siku chache tu kabla ya kufa kwake tarehe 23 Julai 1885, katika nyumba ya mlimani Mount McGregor, jimbo la New York. Julia alipata kwa kitabu kile dola 450,000 hivi.

Habari hizo zinahuzunisha, na wako wahakiki waliokisifu kitabu kwa sababu hizo tu. Mimi sikubali. Huruma si mizani ya fasihi. Mtu anayekufa aweza kuandika kitabu kibaya kama mtu mzima wa afya, na sisi hatuna budi kukisoma cha Grant kana kwamba hatujui kilivyoandikwa.

Tukikisoma hivyo, bado kinasimama. Tazama kisa cha farasi. Grant alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi alitamani mwana-farasi wa jirani. Baba akampa ruhusa akanunue, akamwagiza atoe kwanza dola 20. Ikikataliwa, aongeze hadi dola 22 na nusu. Na hiyo nayo ikikataliwa, atoe 25. Mtoto akaenda kwa mwenye farasi, akamweleza maagizo yote kama alivyopewa, hatua kwa hatua. Hapana haja ya kuwaambia wasomaji farasi yule alinunuliwa kwa bei gani. Kila kijana kijijini alimcheka, na mzee Rais anakumbuka kicheko kile baada ya miaka zaidi ya 50, anatusimulia bila kujitetea. Mtu wa namna hii akituambia jambo, twaelekea kumwamini.

Kisa kingine ni cha mwanzo wa vita. Alipewa amri ya kumwendea Kanali Harris, adui aliyepiga kambi kule Missouri, karibu na kijiji cha Florida. Kambi ilikuwa upande wa pili wa kilima. Grant akiongoza kikosi chake kupanda, hofu ilimzidi kwa kila hatua, akatamani kuwa nyumbani Illinois. Lakini hakuwa na ujasiri wa kuwasimamisha watu wake ili afikiri la kufanya, basi akaendelea. Walipofika kileleni wakakuta kambi imehamwa zamani. Ndipo ikamjia akilini kwamba Harris alikuwa amemwogopa yeye kama yeye alivyomwogopa Harris, na tangu siku ile hakumkabili tena adui kwa hofu ya namna ile. Ni wangapi kati ya majemadari wangekubali kuandika kwamba walisonga mbele kwa kukosa ujasiri wa kusimama?

Lugha yake ni hiyo hiyo mwanzo hata mwisho. Sentensi ni fupi na wazi; vitenzi vyafanya kazi, na sifa ni chache. Hapigi tarumbeta. Anapofika Appomattox, tarehe 9 Aprili 1865, siku Jemadari Lee aliposalimu amri, mwandishi mwingine angalitujaza bendera na ngoma. Grant anatuambia kwamba usiku uliotangulia kichwa kilimuuma sana, na kwamba barua ya Lee ilipomfikia maumivu yakakoma mara moja. Lee alikuja na sare mpya na upanga mzuri. Yeye alikuwa na koti la askari wa kawaida. Wakazungumza juu ya siku za kale jeshini, hata Lee ikambidi amkumbushe shabaha ya mkutano. Hakuona furaha, asema. Aliona huzuni kwa adui aliyepigana kwa muda mrefu na kwa ushujaa, ingawa hakumficha msomaji kwamba jambo alilolipigania adui huyo lilikuwa katika mambo mabaya kabisa yaliyopata kupiganiwa na watu. Akawaruhusu askari walioshindwa waende na farasi zao, maana majira ya kulima yalikuwa yamefika. Akaikataza mizinga ya kushangilia.

Kadhalika anakiri kosa. Shambulio la Cold Harbor la mwezi wa Juni 1864, lililowaua na kuwajeruhi maelfu bila faida, asema amelijutia siku zote.

Lakini hapa ndipo uhakiki wangu unapoanza kuwa mgumu, kwa kuwa kitabu hiki kikweli namna hii kina mahali penye kimya. Mwezi wa Desemba 1862 Grant alitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi wote, wake kwa waume, katika eneo lote la utawala wa jeshi lake, akiwashutumu jumla jamii nzima kwa biashara ya magendo ya pamba. Rais Lincoln aliitangua amri hiyo baada ya majuma machache. Katika juzuu zote mbili hamna neno juu yake. Miaka minane ya urais nayo imepita karibu bila kutajwa. Wala haelezi alivyolitumia jeshi tangu mwaka 1871 kulivunja kundi la Ku Klux Klan lililokuwa likiwaua watu weusi waliopata haki ya kupiga kura. Husemwa kwamba kitabu kilikusudiwa kuwa cha vita, na kwamba muda ulikuwa mfupi. Jibu hilo latosha kwa habari za urais. Kwa ile amri halitoshi, kwani ilitolewa vitani.

Kimya kinachonishangaza zaidi ni cha namna nyingine. Kabla ya vita Grant alikuwa na mtumwa mmoja, William Jones. Mwaka 1859, alipokuwa katika dhiki na angaliweza kumuuza mtu huyo kwa fedha nyingi, alimwandikia hati ya uhuru. Ni tendo la heshima, na hakulitaja. Kwa nini? Wanaompenda husema ni unyenyekevu. Mimi naona sababu nyingine: asingeweza kueleza jinsi alivyomwacha huru bila kueleza kwanza jinsi alivyommiliki. Hivyo aliiacha sifa ili aifiche aibu. Mtu aliyeandika waziwazi kwamba utumwa ndio uliokuwa chanzo cha vita vile hakuweza kuandika kwamba uliwahi kuingia nyumbani mwake.

Msomaji wa Kiswahili ana kitabu cha kukilinganisha nacho, yaani maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, yaliyosimuliwa na mwenyewe. Huko nako mna usemi wa moja kwa moja wa mtu wa matendo: safari, vita, pembe za ndovu, na hesabu. Lakini ukitaka kujua waliobebeshwa pembe hizo walisema nini, hutapata. Grant amemzidi kwa kukiri makosa yake. Katika kunyamaza, wawili hao ni ndugu.

Basi nakisifu kitabu, na kimya chake nakihesabu kuwa sehemu yake. Nikikifunga, nakumbuka kikaratasi kimoja kisichokuwamo ndani. Siku za mwisho Grant hakuweza kusema, akawasiliana kwa kuandika katika vipande vya karatasi. Katika kimoja alimwandikia daktari wake kwamba alijiona si kiwakilishi cha nafsi tena, bali kitenzi. Kwa kuwa kitenzi huonyesha kuwa, au kutenda, au kuteseka, na yeye alikuwa yote matatu.