Yezebeli na Kiti cha Milansi

Kwetu Sumbawanga msichana akijipaka wanja na rangi ya mdomo kwenda kanisani, hakosi mtu wa kumwita Yezebeli. Wahubiri nao wana "roho ya Yezebeli" wanayoikemea hadi jasho linawatoka. Makala haya yanauliza swali dogo tu la kihakiki: kwa mujibu wa matini yenyewe, mhusika huyu alitenda kosa gani?

Wanja unatajwa mara moja tu, katika sura ya 9 ya kitabu cha pili cha Wafalme. Wakati huo Yehu ameshamuua mfalme Yoramu, mwana wa Yezebeli, naye anaingia mjini Yezreeli. Mama anatia wanja machoni, anapamba kichwa, anachungulia dirishani. Wasomaji wengi hudai kwamba alitaka kumtongoza Yehu. Jamani! Mtu aliyefiwa na mwanawe siku hiyohiyo? Na maneno yake ya kwanza ni kumwita Yehu kwa jina la Zimri, yule aliyemuua bwana wake akakalia enzi siku 7 tu. Kama huko ni kutongoza, basi matusi yote ni mapenzi. Huyu ni malkia anayejua kwamba anakufa, na ameamua kufa akiwa malkia.

Na uzinzi je? Hakuna tukio hata moja linaloonyesha kwamba alitoka nje ya ndoa yake na Ahabu. Neno hilo linatoka kinywani mwa Yehu, adui yake, akiwa njiani kwenda kuua, na katika lugha ya manabii uzinzi mara nyingi ni kufuata miungu mingine. Hapo kweli Yezebeli hana pa kujitetea, maana binti huyu wa mfalme wa Wasidoni alimlisha Baali manabii 450 na Ashera 400, na manabii wa Bwana akawaua. Lakini msomaji wa kawaida hazungumzii hayo, anazungumzia sketi. Kufika Ufunuo sura ya 2, mwanamke wa Thiatira anapobandikwa jina hilo, Yezebeli si mtu tena. Amekuwa tusi.

Katika sentensi ileile Yehu anamtaja kwa uchawi. Ushahidi? Hakuna. Nasi tunaotoka Rukwa tungepaswa kuishtukia sentensi hiyo mapema kuliko wengine. Wenyeji hueleza kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", lakini ukilitaja mjini Dar es Salaam watu wanacheka na kukuuliza kama ulikuja kwa ungo. Sifa ya mahali hutungwa na wasiokaa pale. Tena si jambo la kuchekea tu, kwani vikongwe wengi nchini, hasa Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa tuhuma ya namna hiyo, na macho yao mekundu ya moshi wa kuni yakafanywa ndiyo ushahidi.

Ufipa una simulizi yake kuhusu wanawake wageni na enzi. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1981. Mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake watatu kutoka mbali, mkewe akawaachia kiti cha enzi, na mfalme aliporudi akakuta mambo yamekwisha. Hakuna aliyerushwa dirishani. Wageni walichukua utawala, Milansi ikabaki na heshima ya kiibada, na wana wa wanawake hao ndio ukoo wa Watwa uliotawala Nkansi na Lyangalile.

Mbona hao hawakuwa Yezebeli? Jibu moja ni kwamba uzao wao ulitawala, kwa hiyo simulizi ilipita midomoni mwa wajukuu zao. Ukoo wa Ahabu ulifyekwa wote, na waliobaki kusimulia ni upande wa Eliya. Lakini tusiwape Watwa hati safi haraka hivyo. Simulizi ya watawala ina ufundi wa kugeuza unyang'anyi kuwa makubaliano, na hatusikii mke wa mfalme wa Milansi aliulizwa nini mumewe aliporudi. Naye amebeba lawama yake, kimyakimya.

Ila nahofia uhakiki wa siku hizi unaomgeuza Yezebeli kuwa shujaa wa wanawake. Unaruka sura ya 21 ya kitabu cha kwanza. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu kando ya ikulu. Ahabu akalitaka, Nabothi akakataa kutoa urithi wa baba zake. Yezebeli aliandika barua kwa jina la mumewe, akazipiga muhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe. Mkulima wa Ufipa, ambaye hufukia nyasi kwenye matuta ya duara ili udongo wake upate nguvu, haelezwi mara mbili kwa nini mtu akatae kuuza shamba. Anajua pia kwamba barua yenye muhuri huweza kuchukua kile ambacho jembe limejenga kwa vizazi.

Hilo ndilo kosa ambalo Eliya analitolea hukumu ya mbwa, tena anaanza na Ahabu, aliyenyamaza akashuka kulimiliki shamba. Ahabu akararua mavazi, akafunga, akaahirishiwa adhabu. Hakuna mhubiri niliyewahi kumsikia akikemea roho ya Ahabu. Wala sijasikia wazee wa mji wakitajwa, wale waliopokea barua, wakaisoma, wakafanya kama ilivyoandikwa, kisha wakatuma habari ikulu kwamba kazi imekwisha.