Kicheko Kilichopotea katika Jina la Isaka

Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ijulikanayo kwa jina la Union Version, husifiwa kwa ufasaha wa Kiswahili chake, na kwa haki. Hata hivyo, katika majina ya watu wa kitabu cha Mwanzo, msomaji hunyimwa sehemu ya masimulizi yenyewe.

Kwa Kiebrania jina Yitzhak ni kitenzi: «anacheka». Ibrahimu anacheka katika sura ya 17, Sara katika sura ya 18. Katika sura ya 21 kicheko cha shaka chageuka kuwa cha furaha. Mistari michache baadaye Ishmaeli naye anatajwa kwa kitenzi cha mzizi uleule, na Sara anaudhika. Msikilizaji wa Kiebrania alilisikia jina la mtoto katika kila kicheko. Msomaji wa Kiswahili hukuta «Isaka», sauti tupu.

La kushangaza ni kwamba Kiswahili hakikukosa nyenzo. Wanaisimu huulinganisha mzizi huo na kitenzi cha Kiarabu dahika, ambacho ndicho asili ya neno «dhihaka». Ndugu wa jina la Isaka, basi, alikwishafika katika lugha hii zamani!

Wala wafasiri hawakufuata kanuni moja. Musa, Daudi na Yusufu walipokewa kwa njia ya Kiarabu. Isaka akatengwa na Isihaka wa Waislamu wa pwani. Kuandika «Kicheko» mahali pa jina kungezidisha utengano huo. Maelezo mafupi chini ya ukurasa yangetosha.

Upungufu huu una uzito wa pekee nchini Kongo. Mwaka 1972, utawala wa Mobutu ulipowalazimisha raia kuyaacha majina ya Kikristo, Isaac na Moïse yalihesabiwa kuwa alama za ugeni tu. Aliyeitegemea tafsiri hii peke yake hakuwa na njia rahisi ya kutambua kwamba Isaac limetungwa kwa desturi ileile inayowapa watoto wa Bukavu majina ya Furaha, Bahati au Mashaka, yaani jina kuwa habari ya kuzaliwa kwa mtoto. Mobutu mwenyewe alilitupa Joseph, jina ambalo Raheli, katika Mwanzo 30, analitoa akiomba aongezewe mwana mwingine.